Siku moja ya "tich wa sungura" huku Tabora

Watu wakisikia nafundisha fasihi wanacheka, eti wewe kazi yako hadithi za sungura na fisi tu. Haya leo tuongozane.

Saa 11 alfajiri nshaamka, chai ya rangi, baiskeli, saa 1 nimesaini, mstarini, usafi, basi.

Saa 2 fomu wani B, utangulizi wa fasihi, dawati moja watoto watatu. Nasema fasihi ni sanaa inayotumia lugha, wanaandika kimyaaa kama wako polisi. Nikaweka chaki chini: kitendawili! Darasa zima, tegaaa! Hapo ndo fasihi simulizi inapoishi, fanani, yaani msimuliaji, yupo, hadhira inajibu, daftarini inalala tu. Kuku wangu katagia mibani... nanasi! Anayeshindwa anatoa mji, na wote wanatoa Dar, Tabora hakuna anayekubali kuitoa 😂

Saa 4 nimeshika andazi, mzazi huyu hapa na daftari la mwanae. "Mwalimu, fizikia kapata 18, huku kurasa tatu za sungura. Sungura atampa ajira?" Shikamoo yangu hata hakuiitikia. Nikamweleza taratibu, mzee wangu, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea toka hapa mpaka Bagamoyo na mizigo kichwani wakiimba, zile ni nyimbo za kazi, mtoto akizisoma anajua babu zake waliishije, tena Nyerere alifundisha hapahapa Tabora na baadaye akamtafsiri Shakespeare, Julius Caesar, ikatoka 1963. Akaniangalia weee. "Enzi hizo ajira zilikuwepo." Nikakosa jibu jamani. Akaendelea, mara ada ya tuisheni, mara mbolea, mara huyu mtoto kamfuata mama yake, kengele ikalia andazi bado liko mkononi.

Mchana sijui hata saa ngapi ngapi, vipindi vitatu mfululizo, bati linachoma, koo limekauka, kuna mmoja kasinzia nikamwacha maana hata mimi ningelala.

Usiku umeme umekata, nasahihisha kwa tochi ya simu. Niliwapa kazi ya kukusanya vitendawili nyumbani, wengi wamenakili kitabuni, ila binti mmoja kaandika cha bibi yake kwa Kinyamwezi, jibu hakuweka makusudi. Mimi mtu wa Tanga! Mama jirani keshalala, ntamuuliza asubuhi, akishindwa na yeye itabidi nitoe mji, na Tanga sitoi.