Usiku wa pampu ya baiskeli

Wiki iliyopita daktari wa mifugo alikuja kwa jirani kumtundikia ng'ombe wake, aliyeanguka kwa homa ya maziwa baada ya kuzaa, chupa ya kalisi, mililita 400 polepole kwenye mshipa wa shingo. Kabla chupa haijaisha ng'ombe alishabeua, akatoa mavi, akaanza kutafuta nyasi. Mjukuu wangu, ambaye ndiye aliyeinua chupa, akaniuliza, "Guka, zamani kabla ya chupa hizi walikuwa wanafanyaje?" Nikamwambia walikuwa wanajaza kiwele upepo kwa pampu ya baiskeli. Alidhani namtania.

Haya yalitokea Molo, kwenye shamba la mzungu ambaye baba yangu alimfanyia kazi, juu ya stesheni; tulimwita Bwana. Alikuja baada ya vita vya kwanza, kwenye ule mpango wa 1919 wa kuwagawia mashamba wanajeshi wa Kiingereza. Alianza na kitani kama wenzake, bei ikaanguka 1921, wengi wakafilisika. Yeye akarudia kazi ya kwao Devon, Uingereza, ng'ombe wa maziwa. KCC, ushirika wa viwanda vya maziwa na siagi, ilipoanzishwa Naivasha mwaka 1925 akawa na pa kupeleka krimu, na tangu hapo shamba zima likaenda kwa saa ya treni.

Ilikuwa krimu, si maziwa. Maziwa yalipitishwa kwenye mashine ya kutenga yakiwa bado na joto la ng'ombe, maana yakipoa mafuta hayatoki vizuri. Mkono wa mashine ulizungushwa mara 60 kwa dakika, na kengele ililia mpaka mwendo utimie; ikinyamaza ndipo unafungua bomba. Galoni 10 za maziwa zilitoa kama galoni moja ya krimu, na maziwa yaliyobaki wakanywa ndama na nguruwe, mengine wakapewa wafanyakazi. Visahani vya ndani vilioshwa kimoja kimoja na kurudishwa kwa mpangilio wake. Kimoja kikibaki na utando, krimu inachacha njiani, inashushwa daraja, na mzungu anashuka zizini na uso mwekundu.

Lakini nilitaka kusema ya usiku ule. Ni miaka michache kabla ya Hali ya Hatari ya 1952, msimu wa mvua. Ng'ombe mmoja wa aina ya Jersey, uzao wake wa nne, alikuwa amezaa mchana. Bwana akaamuru akamuliwe mpaka akauke ili dang'a yote, yale maziwa ya kwanza, ipimwe. Baba, ambaye ndiye alikuwa mkamaji, hakupenda. Ng'ombe mwenye maziwa mengi ukimkausha siku ya kwanza, kiwele kinaharakisha kutengeneza mengine, na kalisi yote ya damu inakimbilia huko. Baba hakuwa na neno kalisi. Alichojua ni kwamba Jersey mzee aliyekamuliwa akakauka haamki asubuhi.

Kufika usiku alikuwa chini. Masikio baridi, pua kavu, shingo imekunjwa kuelekea ubavuni, jicho liko wazi wala halipepesi ukiligusa. Chupa za kalisi zilikuwepo nchini wakati ule, ila za Bwana zilikuwa zimekwisha, na barabara ya mjini ilikuwa tope tupu. Bwana akarudi kwenye dawa ya enzi za baba yake, ya kujaza kiwele upepo.

Kwanza walimwinua akae kifudifudi, magunia ya nyasi huku na huku. Akilala ubavu tumbo linajaa gesi na kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Nyapara alitaka kumnywesha maji ya chumvi, baba akamshika mkono: ng'ombe wa hali ile hawezi kumeza, maji yanaingia mapafuni. Mrija wa chuma wa chuchu ukachemshwa kwenye sufuria. Pampu iliazimwa kwa karani wa krimu, na haikuchemshwa, kwa kuwa ndani ina kizibo cha ngozi ambacho maji moto yanakiharibu. Badala yake kipande cha pamba safi kiliingizwa kwenye mpira unaounganisha pampu na mrija, kichuje vumbi la zizi. Chuchu zikaoshwa kwa sabuni, zikafutwa kwa spiriti. Mimi kazi yangu ilikuwa taa.

Walianza na chuchu mbili za upande wa chini, zilizo karibu na sakafu, kwa sababu ndizo ngumu kufikia na ndizo zinazochafuka haraka. Baba aliingiza mrija taratibu, ukizungushwa kidogo kwa vidole, usisukumwe. Bwana alipiga magoti kwenye kinyesi na koti lake la mvua, akashika pampu. Akasukuma. Robo ile ya kiwele iliyokuwa imelegea ikaanza kujaa, mikunjo ya ngozi ikapotea. Baba alikuwa akiipiga kwa ukucha na kusikiliza.

"Bado, Bwana."

Akasukuma tena.

"Bado."

Upepo unabana mishipa ya kiwele ili kalisi isiendelee kukimbilia kwenye maziwa; ukiacha mapema haubani, kazi bure. Ukizidisha, nyama ya ndani inapasuka, na robo hiyo haitoi maziwa tena maisha yake. Kipimo ni sauti: ukucha ukigonga isikike kama ngoma ndogo. Ilipolia hivyo baba akasema, "Basi," na Bwana akaacha papo hapo. Sijawahi kumsikia tena mtu akimwambia mzungu yule basi, naye akatii.

Mrija ulipotolewa, chuchu ilifungwa kwa utepe wa kitambaa wa upana wa kidole. Uzi haufai, unakata. Robo nne zikaisha, wakamsugua mgongo na miguu kwa nyasi kavu, wakangoja. Baada ya kama saa mbili tepe zilifunguliwa, upepo ukaachwa ndani utoke wenyewe. Alfajiri akapepesa jicho, masikio yakapata joto, akatoa mavi, na tukajua anasimama. Hakukamuliwa siku nzima, na siku mbili zilizofuata akapunguziwa tu kiwele kisiume, wala hakukaushwa.

Ndama alikuwa mtamba. Bwana akamwandika kwenye daftari la uzao, jina la mama na la dume.

Sasa kuna jambo ambalo sijalimaliza kichwani. Maskwota wa Nakuru na Naivasha, yaani Waafrika kama sisi waliokaa kwenye mashamba ya wazungu na kuwafanyia kazi, walikuwa wameondolewa ng'ombe wao tangu miaka ya 1920, fagio ambalo wazee waliliita kifagio, na sheria ya 1937 ikazidi kukaza. Sababu iliyotolewa ni kwamba ng'ombe wetu walikuwa na kupe na magonjwa. Kwa hiyo aliyejua kusikiliza kiwele kwa ukucha hakuruhusiwa kufuga hata ndama. Na kazi ililipwa kwa tikiti ya siku 30. Siku ikifanywa inawekwa alama, usiku haukuwa na mahali pake. Karani alimwekea baba alama ya mchana uliofuata, kama kawaida.

Mama hilo hakulisamehe. Alisema mzungu alipewa ng'ombe wawili kwa usiku mmoja wa bure. Baba alimjibu kwamba yeye hakuamka kwa ajili ya mzungu, aliamka kwa ajili ya ng'ombe. Walibishana hivyo mpaka uzeeni, na mimi nilikuwa nikimuunga mkono yule aliyesema mwisho.