Jumamosi ya Redio Moja na Timu Mbili

Katika ukoo wetu, kama ilivyo kwa Wamakonde wengi wanaofuata upande wa mama, mtoto hurithi mambo mengi kutoka kwa mjomba wake, na katika yote niliyorithi mimi, la kwanza kulitambua lilikuwa Yanga. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Kabla sijajua kusoma nilikwishajua kwamba kijani na njano ndizo rangi zetu, kwamba klabu ilianzishwa mwaka 1935, na kwamba siku timu ikifungwa hakuna mtu anayemsemesha mjomba mpaka kesho yake asubuhi. Ndiyo maana mchana wa Jumamosi tarehe 20 Septemba 2014, nilipoketi kwenye baraza la nyumba yake pale Magomeni, Mtwara, nilikuwa na siri ambayo ilinikaa kifuani kama kosa.

Siku hiyo Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa inafunguliwa, na kati ya timu kumi na nne zilizoshiriki ilikuwemo Ndanda FC, timu yetu ya Mtwara, iliyokuwa imepanda daraja pamoja na Stand United ya Shinyanga na Polisi Morogoro. Ratiba ilikuwa imeipeleka Ndanda Shinyanga, kucheza na Stand United katika uwanja wa Kambarage, huku Yanga wakiwa Morogoro kucheza na Mtibwa Sugar katika uwanja wa Jamhuri. Mechi zote mbili zilikuwa za alasiri ile ile, na redio ilikuwa moja.

Redio hiyo ilikuwa ya mjomba, yenye kutumia betri kubwa nne. Tangu asubuhi alikuwa amezitoa na kuzianika juani ukutani ili zipate nguvu, na hakuruhusu mtoto yeyote azisogelee. Wazee wenzake watatu walifika mapema, mmoja wao akiwa mshabiki wa Simba ambaye alikaribishwa kila mara kwa sababu, kama mjomba alivyokuwa akisema, mpira usiokuwa na mtu wa upande wa pili haunogi. Kulikuwa na kahawa na kashata, na mazungumzo yalianza na korosho, kwa kuwa mikorosho ilikuwa tayari inadondosha na kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu bei. Mazungumzo hayo hayakuchukua muda mrefu. Wiki moja kabla, Yanga walikuwa wameifunga Azam mabao 3–0 katika Ngao ya Jamii, mawili kati ya hayo yakifungwa na Mbrazili aliyeitwa Jaja, na mjomba aliamini kwa moyo wake wote kwamba kocha Marcio Maximo, aliyekuwa Mbrazili vilevile, alikuwa amekuja na ubingwa mfukoni.

Mimi moyo wangu ulikuwa Shinyanga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na msimu wote uliotangulia nilikuwa nikienda uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona kwa miguu kuitazama Ndanda ikihangaika katika Daraja la Kwanza, ligi iliyokuwa chini ya Ligi Kuu. Nilikuwa nimewaona wale wachezaji wakinunua maji ya kunywa kwenye duka tulilonunulia sisi, nilikuwa nimesikia sauti zao wakigombezana uwanjani, na nilikuwa nimejifunza kuimba pamoja na wengine kwamba sisi ni Wanakuchele, watu ambao kwao kumekucha. Yanga niliipenda, na naipenda hadi leo, lakini nilikuwa sijawahi kuiona kwa macho yangu. Niliijua kwa sauti ya mtangazaji na kwa uso wa mjomba. Jambo hili nililitafakari sana wakati ule, na bado naliona kuwa kubwa: mtu anaweza kuipenda kwa dhati timu iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 500, lakini ile anayoweza kuifikia kwa miguu inamdai kitu kingine, inamdai awepo.

Nilijaribu kumweleza mjomba siku chache kabla ya mechi, kwa kuzungukazunguka, na alinijibu bila hasira. Alisema kwamba timu ya mkoa ni mgeni katika Ligi Kuu, leo imepanda, kesho imeshuka, na aliyeiweka moyoni hubaki hana pa kusimama, wakati Yanga ilikuwepo kabla yeye hajazaliwa na itakuwepo baada yake. Sikuwa na jibu, na lazima niseme kwamba kwa upande mmoja miaka ilimpa haki, kwa kuwa Ndanda ilidumu misimu sita tu kabla ya kushuka mwaka 2020. Hata hivyo, misimu sita ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko mingine yote.

Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi Shinyanga alikuwa ameniahidi kwamba ataingia uwanjani na kunipigia simu kila bao litakapofungwa. Nilikuwa nimemtumia vocha ya shilingi elfu moja kwa kazi hiyo. Mpira ulipoanza niliiweka simu kwenye paja na kuitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa jikoni.

Redioni mambo yaliharibika mapema. Mtibwa walipata bao, na mfungaji alikuwa Mussa Hassan Mgosi, mtu aliyewahi kuvaa jezi ya Simba kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mzee wa Simba aliruka kutoka kwenye mkeka kana kwamba ni yeye aliyefunga. Mjomba hakusema kitu. Baadaye Yanga walipata penalti, akasimama wima, akasogeza redio karibu na sikio ingawa sauti ilikuwa kubwa ya kumtosha kila mtu barazani, na Jaja akaikosa. Nilimwona akikaa chini polepole, akiutegemeza mkono ukutani. Nilihuzunika pamoja naye, na huzuni hiyo ilikuwa ya kweli kabisa, lakini wakati huo huo kidole changu kilikuwa kinabonyeza simu kuona kama kuna ujumbe, na nilijisikia kama mtu anayenong'ona msibani.

Simu ilikuwa kimya. Nilimbipu binamu yangu mara tatu, kisha nikaamua kumpigia kabisa, nikaambiwa kwamba namba ninayoipiga haipatikani. Kipindi cha pili karibu chote nilikitumia nikihesabu sababu za ukimya ule: labda tumefungwa mengi na anaona haya kunipa habari, labda uwanja umejaa na hakupata nafasi ya kuingia, labda timu haikufika salama baada ya safari ndefu ya kuvuka nchi kutoka kusini hadi kule. Ame Ali alipoifungia Mtibwa bao la pili, mjomba alizima redio kabla mpira haujaisha, akafungua kifuniko cha nyuma na kuanza kutoa betri moja baada ya nyingine, kama alivyofanya kila Yanga ilipofungwa.

Ndipo simu yangu ilipoita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa binamu yangu, akitumia simu ya mtu aliyekuwa amekaa naye kwa kuwa yake ilikuwa imeisha chaji, na nyuma yake nilisikia kelele za watu wakitoka uwanjani. Alisema maneno mawili tu ambayo niliyaelewa: nne, moja. Nilimuuliza ni nani aliyefunga nne, akacheka, akasema, "Sisi." Kisha simu ikakatika.

Sikujua la kufanya. Barazani kulikuwa na msiba na mimi nilikuwa na harusi mkononi. Mwishowe nilisema kwa sauti ndogo, "Mjomba, samahani, Ndanda imeshinda mabao manne kwa moja." Mzee wa Simba alisema kwamba binamu yangu ananitania, kwa kuwa timu changa haiwezi kwenda ugenini siku ya kwanza ikafunga manne. Mjomba alinitazama kwa muda, betri mbili zikiwa kiganjani mwake. Kisha akazirudisha redioni.

Tulisubiri matokeo ya viwanja vingine. Mtangazaji aliyasoma kwa kasi, na alipofika Shinyanga alitaja Stand United moja, Ndanda ya Mtwara nne. Ni lazima niseme kilichokuwa ndani ya maneno hayo kwa watu wa mji wetu. Tangu vurugu za Mei 2013, zilizotokana na mgogoro wa bomba la gesi, jina la Mtwara lilipotajwa redioni tulikaza masikio kwa hofu. Siku ile lilitajwa kwa mabao manne, na kwa hesabu ya mabao timu yetu ililala kileleni mwa ligi usiku huo.

"Amesema ya Mtwara?" mjomba aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Ya Mtwara, mjomba."

Alikunywa kahawa iliyokuwa imepoa, akakaa kimya, na wenzake wakaaga mmoja mmoja. Tulipobaki wawili aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ile nilipozungukazunguka na maneno yangu. "Mpwa wangu, Yanga wakija hapa Nangwanda, wewe utakaa upande gani?"

Nilimwambia kwamba nitakaa na Ndanda, na kwamba siku nyingine zote nitaketi naye hapa barazani kwa ajili ya Yanga. Hakujibu. Kwa kawaida, baada ya kufungwa, redio ile ililala kabatini hadi kesho. Usiku huo ilipokaribia saa mbili aliitoa mwenyewe, akaiweka katikati yetu, akamwita na shangazi aliyekuwa jikoni, akasema tunyamaze, kwa kuwa huenda kwenye taarifa ya habari wakalirudia tena lile jina.