Usimwahidi mtoto kwamba haitauma

"Usiogope mwanangu, haitauma." Sentensi hii naisikia kwa wazazi karibu kila siku kwenye kliniki ya meno ninakofanya kazi, na najua inatoka kwenye upendo. Lakini nikiwa nimesimama hatua chache kutoka hapo, namwona mtoto aliyekuwa akichezea zipu ya jaketi lake anaiacha, anaanza kututazama upya mmoja mmoja. Mpaka dakika ile hakuna aliyekuwa amemtajia maumivu.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, na wagonjwa wetu wengi ni watoto. Naandaa vifaa, nachanganya dawa ya kuzibia, nashika mrija wa kunyonya mate, na muda wote huo naongea na aliyelala kitini. Daktari anatazama jino, mimi natazama vidole. Mtoto anaweza kuwa amefungua mdomo vizuri kabisa huku vidole vya miguu vimejikunja na mikono imeng'ang'ania kiti. Huyo hajatulia, anavumilia tu, na mara nyingi ndiye atakayegoma kabisa safari ijayo.

Ubaya wa ahadi ile ni kwamba mzazi hana uwezo wa kuitimiza. Hajui daktari atakuta nini. Kama leo ni kuhesabu meno, kweli hakuna kitakachouma. Kama kuna tundu lenye kina, huenda ikahitajika sindano ya ganzi, na hata ufizi ukipakwa kwanza jeli ya kuufisha ganzi, ganzi yenyewe huweza kuchoma kwa muda mfupi. Mtoto aliyeambiwa hatasikia kitu, kisha akasikia, hashughuliki na udogo wa maumivu yale. Anachokumbuka ni kwamba alidanganywa. Baada ya hapo kila tunachomwambia, hata kiwe kweli tupu, kinaingia sikio hili na kutokea lile.

Akikuuliza, mjibu kwa kile unachokijua: "Daktari atayatazama meno yako na kuyahesabu. Akitaka kufanya jambo jingine atakueleza kwanza, na mimi nitakuwa papo hapo." Jibu hilo linamtosha mtoto wa miaka mitatu na linamtosha wa miaka tisa. Mengine tuachieni. Hatumfichi mtoto jambo, ila tuna namna ya kulieleza kadiri ya umri wake na kwa wakati wake, na kazi hiyo ni nyepesi zaidi akiwa hajasimuliwa usiku uliopita jinsi kaka yake alivyong'olewa jino.

Utaratibu wetu ni wa zamani: eleza, onyesha, fanya. Daktari wa meno aitwaye Addelston aliuandika mwaka 1959 na mpaka leo ndio msingi wa kazi yetu na watoto. Chukua ile brashi ndogo ya kusafishia meno. Namwambia mtoto kwamba inazunguka, inavuma na inatekenya. Naiwasha mbali naye aisikie. Naigusisha kwenye ukucha wangu, kisha kwenye ukucha wake akikubali. Ndipo inaingia mdomoni, na mle mdomoni inafanya kile kile nilichosema. Ikifanya zaidi, maandalizi yote yamekwenda na maji. Mrija wa mate tunaujaribu kwanza kwenye kikombe cha maji, na upepo wa kukaushia jino tunampulizia kiganjani. Watu wazima wanaokuja na mtoto wakati mwingine hutazama saa, kwa sababu haya yote yanachukua dakika ambazo jino lenyewe halizihitaji. Mtoto anazihitaji, na hatuwezi kulifikia jino bila kupita kwake.

Kuna kitu kimoja ningependa kila kliniki iwe nacho, nacho hakina gharama: ishara ya mkono. Kabla daktari hajaanza, nakubaliana na mtoto kwamba akiinua mkono ulio upande wangu, sote tunasimama. Mara ya kwanza karibu kila mtoto huuinua bila sababu, anataka tu kuona kama tulikuwa tunasema kweli. Hapo ni lazima daktari atoe kifaa mdomoni mara moja, bila "ngoja kidogo namalizia". Wengi wakishaona mkono wao una nguvu hawauinui tena, au wanauinua pale tu wanapotaka kumeza mate. Nawasihi wazazi: mkifika kokote, ulizeni mapema kama ishara ya namna hii inatumika, na mkae mahali ambapo mtoto anawaona.

Mzazi anaweza kusaidia sana kwa kunyamaza. Sisemi hivi kwa ukali. Mtoto akiwa kitini, sauti tatu zikimwelekeza kwa pamoja, fungua, tulia, geuka huku, kichwa kinajaa na anafunga mdomo. Sauti moja inatosha, na wakati ule ni bora iwe ya daktari au yangu. Wewe mshike mguu au mkono, mtoto akusikie kwa ngozi. Na kama wewe mwenyewe unaogopa meno kiasi cha kutoka jasho ukisikia mashine, mwache shangazi, babu au mtu mwingine anayependwa na mtoto aingie naye. Watoto huusoma mwili wa mzazi kabla ya kusikia maneno yake.

Zawadi kubwa iliyoahidiwa kabla ya kuingia nayo huwa inatuharibia. Mtoto mwerevu anajua hapewi kitu kikubwa hivyo kwa jambo dogo. Na ile ya "usipotulia nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno" naomba iachwe kabisa katika nyumba zote. Sisi ndio tutakaokuja kumwomba mtoto huyo huyo atuamini akiwa na maumivu.

Sasa niseme juu ya wakati, maana hapa ndipo mengi huamuliwa kabla hatujakutana. Watoto wengi ninaowaona wakilia sana wameletwa kwa mara ya kwanza na jino ambalo tayari limewanyima usingizi. Kila kitu siku hiyo ni kigeni na kila kitu kinauma. Ushauri wa madaktari wa meno ya watoto ni kwamba mtoto aonwe jino la kwanza linapoota, au kabla hajatimiza mwaka mmoja. Wazazi hushangaa: kuna nini cha kutazama katika meno mawili? Kuna mengi, na dakika chache zinatosha. Mzazi na daktari hukaa wakitazamana, magoti yakigusana. Mtoto anapakatwa na mama au baba huku akimtazama usoni, kisha analazwa taratibu kichwa kikipumzika kwenye mapaja ya daktari. Anamwona mzazi wake muda wote, na mikono yake imo mikononi mwa mzazi. Wengine hulia, nasi hatushtuki, kwa kuwa kilio cha mtoto mchanga humfungua mdomo na daktari anaona kila kitu. Sekunde chache baadaye ameinuliwa na amekwisha kusahau. Mtoto aliyekuja namna hiyo mara kadhaa bila tatizo lolote, siku akihitaji kuzibwa jino, chumba hiki anakifahamu.

Ninajua pingamizi linalofuata, maana nalisikia kila mara: ni meno ya utoto, si yatang'oka tu? Yatang'oka, lakini si yote mapema. Meno ya utoto ni 20. Huanza kuota mtoto akiwa na miezi kama sita, na kwa kawaida yanakuwa yamekamilika akifika miaka mitatu hivi. Ya mbele huanza kung'oka karibu na miaka sita, ila magego ya nyuma hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Gego lililooza kwa mtoto wa miaka minne linatakiwa kutafuna kwa miaka mingine sita au zaidi. Isitoshe tabaka gumu la nje la meno haya ni jembamba kuliko la meno ya ukubwani, kwa hiyo uozo hufika kwenye mshipa wa fahamu upesi. Usaha ukijikusanya kwenye mzizi unaweza kuathiri hata jino la ukubwani linalojijenga chini yake. Na gego likitolewa mapema, majirani zake huegemea pengo, na jino jipya linakosa njia.

Kuna jino moja ambalo huwaponyoka wazazi wengi. Karibu na miaka sita gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, watu hulidhani ni la utoto na hawalisugui ipasavyo. Hilo ndilo la maisha. Likiota, muulize daktari kama mifereji yake ya juu inafaa kufunikwa na utando wa kinga; ni kazi isiyo na sindano wala mashine ya kuchimba, na mtoto hutoka akijiona shujaa.

Nyumbani, jambo ninalolisisitiza zaidi ni hili: inua mdomo wa juu wa mtoto utazame mahali meno ya mbele yanapokutana na fizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, usio na mng'ao, hiyo ni dalili ya mwanzo kabisa ya kuoza. Katika hatua hiyo tundu bado halijafunguka na jino linaweza kuimarishwa tena kwa floraidi na kwa kupunguza sukari, hasa chupa ya maziwa au juisi anayolala nayo mdomoni. Usiku mate hupungua, na kinachobaki kwenye meno hubaki kwa saa nyingi.

Dawa ya meno iwe na floraidi, angalau 1,000 ppm (yaani sehemu 1,000 katika kila milioni). Imeandikwa kwenye pakiti. Chini ya miaka mitatu paka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Na mswaki ushike wewe mpaka afike miaka saba au minane. Anaweza kuanza mwenyewe, wewe ukamalizia. Mlaze kichwa mapajani pako, umsugue ukiwa juu yake. Utaona meno ya nyuma vizuri, na kuna faida nyingine ambayo sisi huiona mara moja: mtoto aliyezoea kulala chali mtu akimtazama mdomoni hashtuki kiti chetu kinapolala.

Wazazi wengine huchelewa kwa sababu wanadhani kila tundu maana yake ni mashine na sindano. Si kila mara. Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi ambayo hupakwa kwenye uozo na kuusimamisha bila kuchimba. Huacha doa jeusi la kudumu mahali palipooza, na daktari mzuri atakuonyesha picha za doa hilo kabla hujakubali. Kuna pia kofia ya chuma inayovikwa gego la utoto bila kulichimba wala kulitia ganzi, njia iliyopata jina la Norna Hall, daktari wa Scotland. Hazifai kwa kila jino. Jino lililokwisha kufanya usaha au linalomuuma mtoto usiku linahitaji mengine. Ila ukija mapema, daktari anakuwa na njia nyingi za kuchagua, na nyingi kati ya hizo ni za upole.

Kwa mtoto mwenye usonji, au yeyote ambaye mwanga na kelele humwelemea, tuambieni wakati wa kupanga siku, msingoje mlangoni. Tunaweza kumpa nafasi ya kwanza asubuhi kabla chumba hakijachangamka, tukapunguza taa, tukamruhusu avae miwani ya jua na vizuia sauti vya masikioni, aje na mswaki wake mwenyewe. Ziara ya kwanza inaweza kuwa ya kukaa kitini tu na kushuka. Hata kwa watoto wengine asubuhi hufaa zaidi, akiwa ameshalala na kula vya kutosha, isipokuwa kama daktari ameagiza aje bila kula.

Mkitoka, msifuni kwa kitu alichokifanya: alifungua mdomo wakati magego ya nyuma yanahesabiwa, aliinua mkono alipotaka kupumzika. Msimwambie kwamba amekuwa mzuri kwa kuwa hakulia. Wapo watoto waliolia mwanzo mpaka mwisho na bado wakamsaidia daktari kumaliza kazi, na hao wanastahili kuambiwa hivyo.

Kama alipigwa ganzi, mwangalieni. Mdomo na shavu hubaki vimekufa ganzi kwa saa mbili, tatu, au zaidi, na watoto hutafuna au kuvuta mdomo wa chini kwa udadisi mpaka unavimba na kuchubuka. Muulizeni daktari ganzi itaisha lini, msimpe chakula cha kutafuna wala kinywaji cha moto kabla ya hapo, na mkirudi nyumbani asilale peke yake chumbani mpaka mdomo umepata hisia zake.