Mkila na Kunywa vya Kwao

Somo la juma: Luka 10:1–9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zamu ya tafakari imenifikia, na juma hili sitoki jikoni kwangu. Wengi wenu mlimwona yule mgeni wetu, kijana wa miaka 19 kutoka Ujerumani. Alimaliza shule kwao, akaamua kujitolea mwaka mmoja kufundisha Kiingereza katika sekondari ya kata kabla hajaanza chuo. Serikali yao ina mpango wa kugharimia vijana wa miaka 18 hadi 28 wanaokwenda kujitolea nje, ulioanza mwaka 2008, na wenzake kadhaa walipangiwa Dodoma mjini. Yeye akaletwa huku kwetu, njia ya Mvumi. Alifika Septemba, mwezi ambao upepo unakuletea vumbi mpaka kwenye chai.

Alikuja amejiandaa. Kibali cha ukaazi daraja C, chandarua, dawa za malaria, chujio la maji, na masanduku mawili, moja limejaa kalamu na mipira. Katika somo letu, Bwana aliwaambia wale wanafunzi sabini aliowatuma wasichukue mfuko, wala mkoba, wala viatu. Simlaumu kijana. Najua ni mama yake aliyempakilia, na ningekuwa mimi ningeongeza sanduku la tatu.

Lawama ninayo mimi. Mwezi mzima nilimpikia wali. Nilimwandalia meza sebuleni, kitambaa, kijiko, yai la kukaanga, huku sisi tukila ugali wa uwele kwa mlenda mkekani jikoni, mlango nimeurudishia. Mchele nilikuwa nakopa dukani. Nilijiona mkarimu kweli kweli, na jirani zangu wakaniona hivyo pia. Siku moja akaniambia, kwa adabu, kwamba anafikiria kuhamia mjini akakae na wenzake. Nilikasirika. Baada ya wali wote ule!

Usiku ule nikafungua Luka 10, nia yangu ikiwa nimtafutie mstari wa kumsomea. Upo: Bwana anawakataza wasihame-hame nyumba hadi nyumba. Nikafurahi. Lakini kabla ya hayo amesema kitu kingine, wakae katika nyumba ile ile, "mkila na kunywa vya kwao". Vya kwao! Wali haukuwa wa kwetu. Ulikuwa wa dukani, tena wa deni. Kijana alikuwa amekaa nyumbani kwangu mwezi mzima bila kuingia, na aliyeurudishia mlango ni mimi.

(Sura hiyo hiyo inasema wasimwamkie mtu njiani. Hapo nawaombea Wagogo wenzangu rehema. Kupita nyumba ya mtu bila "mbukwenyi" huku ni kutafuta kesi.)

Kesho yake sikupika wali. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunishauri jambo akaliita ushauri, akamvuta kijana kwa mkono, akamketisha mkekani. "Mume wangu, kaa hapa," akamwambia. Kijana akanitazama kwa hofu. Ilibidi nimweleze kwamba bibi kwetu humtania mjukuu hivyo. Akanawa, akamega tonge, akachovya. Mlenda ukamfuata kutoka bakulini mpaka kidevuni kama uzi. Bibi akamwonyesha namna ya kuukata kwa kidole. Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Akala, hakumaliza, lakini alikula.

Akauliza mbona mlenda wenyewe ni unga, si majani mabichi. Bibi akamjibu kwamba huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na si kila mwaka inatimiza ahadi. Majani yanaanikwa, yanatwangwa, yanatunzwa ili miezi ya kiangazi kuwe na mboga. Asiyetunza hujuta. Halafu, kama mtu anayeendelea na habari ile ile, akamsimulia Mtunya.

Vijana wengine hamuijui hata ninyi. Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1917 na 1920. Mvua ilikosekana, lakini njaa haikuletwa na mvua peke yake. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Likaja la Waingereza, likachukua vilivyobaki. Watu wengi mno walikufa. Mama mkwe alisimuliwa na mama yake, naye alisimulia bila kupandisha sauti, mkono wake ukiendelea kumsogezea kijana bakuli.

Kijana akanyamaza. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana huyu ni mgeni, tena mtoto. Baadaye akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: kama bibi anajua hayo, kwa nini ananipa chakula? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijaona la kumtosha. Ila nimeisoma tena Luka 10. Kuna waliofika nchi hii wakala vya wenyewe kwa bunduki. Bwana anawatuma wake mikono mitupu, wangoje kuwekewa. Chakula kinaweza kuwa kile kile. Bibi anaijua tofauti yake kuliko mimi niliyesoma.

Hakuhama.

Mvua ya kwanza iliponyesha Desemba, tukampa jembe. Tulichelewa sana, maana wahenga walisema siku ya tatu. Alipasuka malengelenge saa ya kwanza, na mistari yake ya uwele ilikwenda kama nyoka aliyeshtuliwa. Wanafunzi wakipita barabarani walisimama kumtazama mwalimu wao anavyolima vibaya.

Sasa la shuleni. Watoto wa kidato cha kwanza wametoka msingi wakisoma kwa Kiswahili, ghafla masomo karibu yote ni Kiingereza. Darasani wanakaa kimya kama maji ya mtungini. Si kwamba hawajui, wanaogopa kuchekwa. Alijaribu kalamu za zawadi, michezo, picha. Kimya. Kilichowafungua ni kosa lake mwenyewe. Jioni moja alinijia na taulo begani na ndoo mkononi, akasema, "Mama, naomba kuogopa." Nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Nikamwambia, ogopa tu mwanangu, maji nimeshayachemsha. Alipoelewa kwamba alitaka kusema kuoga, naye akacheka, na kesho yake akakisimulia kisa hicho mbele ya darasa.

Wiki hiyo binti mmoja wa nyuma, ambaye hakuwahi kufungua kinywa tangu Januari, akasimama: "Mwalimu, naomba kuogopa." Kisha akasema sentensi yake ya Kiingereza, mbovu, ndefu, mpaka mwisho. Ikawa desturi. Kila anayetaka kujaribu huomba kwanza kuogopa, wenzake wanamruhusu, naye anasema. Mimi siku hizi nikisoma Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," naisikia kwa sauti ya yule binti. Daudi hasemi kwamba siku hiyo haitakuja.

Kijana amerudi kwao Agosti. Lile sanduku la kalamu aliliacha ofisini kwa mwalimu mkuu. La pili alilijaza ubuyu, karanga, na mfuko mmoja wa mlenda mkavu alioutwanga bibi, ambao sijui uwanja wa ndege wa kwao waliuonaje.

Tunakutana Jumatano jioni kwa maombi, kama kawaida. Tumkumbuke, na tumkumbuke mwingine anayekuja mwisho wa mwezi, safari hii ni binti. Mama mkwe ameshaniambia nisinunue mchele.