Hii apdeti imekula ovataimu yetu

Wasee, hii apdeti mpya ya programu ya kuripoti kazini imeniuma sana. Kitambo ulikuwa unabonyeza ukiingia geti, unabonyeza ukitoka, basi, saa hii inataka lokesheni iwe on siku nzima na simu ikizima skrini tu inasema umeenda nyumbani, na sisi huku Industrial Area tunapakia malori mpaka usiku, nani atakaa ameshika simu? Ovataimu yangu ya wiki yote imeonyesha sufuri. Na sheria ya Kenya inasema ovataimu ya siku ya kawaida ni mara 1.5 ya malipo ya saa, siku ya mapumziko mara 2! HR ati tungoje irekebishwe, na rent ni tarehe 5. Mimi naandika masaa kwa daftari, supavaiza anasaini kila jioni, tafadhali nanyi andikeni.