Miezi minne iliyoliwa na kiyeyusho

Nilipoanza kuchunguza kama dondoo la manjano linaweza kukinga figo zisiharibiwe na dawa ya gentamisini, karibu kila aliyenitangulia maabara alinipa ushauri uleule: "Yeyusha kwa DMSO, utamaliza mapema." DMSO ni kiyeyusho, kimiminika kinachoyeyusha hata vitu visivyokubali maji. Ushauri huo ulinila miezi minne, panya wengi, na kama theluthi ya fedha za utafiti. Naandika nikiwa bado na uchungu, kwa sababu najua kuna mwanafunzi anaambiwa hivyo leo.

Gentamisini huokoa watu wenye maambukizi makali ya bakteria, ila hujilimbikiza ndani ya seli za mirija ya figo. Seli hizo huinyonya, zikaelemewa, kemikali haribifu za oksijeni zikazidi, nazo zikafa. Ukimdunga panya miligramu 80 kwa kila kilo ya uzito wake, siku 8 mfululizo, kreatinini na urea, taka ambazo figo huchuja, hupanda kwenye damu. Swali ni kama mmea wako utazuia hayo.

Shida ya manjano ni kwamba kurkumini, kiini chake cha njano, haikubali maji. Kwenye DMSO inayeyuka papo hapo, rangi inapendeza. Siku ya tisa nikapima damu: waliopewa manjano walikuwa na kreatinini ya chini kabisa. Nilimpigia mama simu usiku uleule. Asubuhi nikapima kundi lililopata gentamisini na DMSO tupu, bila chembe ya manjano. Nao wako chini! Nikarudia, nikidhani nimechanganya sampuli. Nikashuku gentamisini imeharibika, lakini waliopewa gentamisini na maji walikuwa wagonjwa kwelikweli, manyoya yamesimama, wamekonda.

Siku tatu sikulala vizuri, nasoma tu. Mwishowe nikaikuta: mwaka 1988 Walker na Shah walikwisha kuonyesha kwamba DMSO, ambayo hunasa radikali za haidroksili, mojawapo ya zile kemikali haribifu za oksijeni, huwakinga panya dhidi ya gentamisini. Kinga niliyoishangilia haikuwa ya manjano. Na kama nisingeweka kundi la kiyeyusho kitupu, ningeandika uongo nikiamini ni kweli. Niliambiwa kundi hilo ni kupoteza panya. Msikubali kamwe kuambiwa hivyo.

Nikahamia kwenye selulosi ya kaboksimethili, unga wa kuyafanya maji yawe mazito, asilimia 0.5 ndani ya maji. Inyunyize kidogo kidogo kwenye maji ya vuguvugu huku unakoroga, la sivyo hufanya mabonge. Hapa manjano hayayeyuki, yanaelea tu, kisha yanatuama. Nilipoona chini ya chupa pamekolea njano nikaelewa kwamba panya wa kwanza anapata maji na wa mwisho anapata tope. Basi nikaiacha chupa juu ya kikorogeo cha sumaku, kinazunguka muda wote, nikawa navuta kila dozi kutoka katikati ya chupa. Kila siku nikabadili panya wa kuanza naye. Ni jambo dogo, lakini najivunia, maana tofauti kati ya panya na panya ndani ya kundi moja ilipungua waziwazi.

Niliweka pia kundi la manjano peke yake. Manjano yana oksaleti, na kuna watu waliokula vidonge vya manjano kwa wingi figo zikaumia. Mmea unaodaiwa kukinga lazima nao uhojiwe. Tena nilijaribu mchanganyiko wa dondoo na gentamisini juu ya bakteria kwenye sahani za agari, jeli ya kuoteshea bakteria, kwa sababu kinga inayoua nguvu ya dawa haina faida kwa mgonjwa. Dawa iliendelea kuua bakteria kama kawaida.

Msitegemee kreatinini peke yake. Huchelewa kupanda, figo ikiwa imeshaumia sana. Vipande vya figo nilivipa namba za siri, nikampa mtaalamu wa patholojia asiyejua kundi lipi ni lipi. Bahasha ya ufunguo wa namba ilikaa kwa msimamizi wangu wiki mbili. Tulipoifungua, slaidi alizoandika "mirija imekufa, ndani yake mmejaa uchafu" zilikuwa za gentamisini na selulosi tupu. Za gentamisini na manjano zilikuwa na majeraha pia, ila machache, na mirija mingi ilikuwa mizima. Kinga ya nusu. Safari hii nilisubiri nihesabu makundi yote ndipo nikampigia mama.