Thumuni Tatu za Babu wa Bububu

Nauli alinipa mjomba, na mjomba alitaka shamba. Kwetu Tanga tumekua tukisikia kwamba bibi mzaa mama alitoka Unguja akiwa mwari, na kwamba babu yake, tunayemwita Babu wa Bububu, alikuwa na mikarafuu mia. Kwa nini mia, isiwe tisini, hakuna aliyewahi kuuliza. "Utafute wasia," mjomba aliniambia pale stendi, kanishika mkono kama anayemsindikiza mtu Hija. "Mwenye mikarafuu mia hafi hivihivi."

Nilitaka kumkumbusha kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalichukuliwa na serikali yakagawiwa watu eka tatutatu, kwa hiyo hata wasia ukipatikana hatuna pa kuupeleka. Lakini nauli ilikwisha ingia mkobani. Nikanyamaza.

Tanga mpaka Dar es Salaam nililala. Boti haikuniruhusu. Kusi ilikuwa imechachamaa, na tulipoiacha Dar nyuma abiria wakaanza kugawiwa mifuko. Mama mmoja wa Kiunguja alikata ndimu akanipa nusu. "Nusa, mwanangu, usiangalie maji." Muda wa saa mbili nilinusa ndimu. Tulipofunga gati Malindi nilikuwa na pua ya achari.

Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Unaandika maombi, unalipa ada, unaacha mkoba na kalamu ya wino, unaingia na penseli na daftari. Kisha unapewa orodha za majalada, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana makarani wa zama za Waingereza waliandika majina yetu kwa jinsi masikio yao yalivyopenda. Juma mmoja atakuwa Jumah hapa na Jooma kule. Nilikaa siku mbili nikitafuta jina la babu kwa kila tahajia niliyoweza kuibuni. Jina lenyewe silitaji. Wapo ndugu ambao hawajaambiwa.

Siku ya tatu likaja jalada jembamba la mirathi, la mwaka 1919. Jina lake, kisha "bin Abdallah", kisha Bububu. Wasia haumo. Kilichomo ni orodha ya mali, na nilipoisoma nilicheka peke yangu mpaka mhudumu akanitazama. Nyumba ya udongo ya makuti, bila kiwanja. Minazi 14. Kitanda cha kamba kimoja. Birika la shaba. Majembe mawili, mkeka, sanduku tupu. Mkarafuu hata mmoja hakuna.

Kwa msomaji wa bara nieleze: Unguja mtu aliweza kumiliki mti bila kumiliki ardhi, na nyumba bila kiwanja. Ng'ambo nzima ya mji iliishi hivyo, nyumba yako, ardhi ya mwenzio, na kodi ya kiwanja ndiyo iliyowafanya watu wagome mwaka 1928. Kwa hiyo nyumba bila kiwanja haikunishangaza. Kilichonishangaza kilikuwa ukurasa wa mwisho, mgawanyo wa fedha. Vitu viliuzwa kwa mnada. Mjane alinunua kitanda chake mwenyewe kwa rupia 3. (Rupia, ndiyo, Zanzibar haikuhamia shilingi mpaka 1936.) Yalipotolewa madeni na gharama za maziko, zilibaki rupia 160. Mke, thumuni, yaani sehemu moja ya nane: rupia 20. Binti wa pekee, nusu: rupia 80. Huyo ndiye mama yake bibi yetu. Halafu rupia 60, thumuni tatu zilizobaki, kwa mtu mwenye jina refu la Kiarabu ambaye kwetu sijawahi kusikia akitajwa.

Nikadhani ni ndugu. Nikafurahi, kwa kweli. Si ndiyo kwetu husemwa asili yetu Arabuni?

Nyuma ya karatasi hiyo palikuwa na nyingine imekunjwa, ya Kiarabu tupu. Meza ya pili alikaa mzee mwenye kanzu na kofia ya viua, anafuatilia wakfu ya nyumba ya kwao. Nikamwomba anisomee. Akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya karatasi bila kuigusa, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko urefu wa maandishi.

"Mwanangu, wasia ndio huu. Lakini si wa babu yako."

Ulikuwa wa mwaka 1306 wa Hijria, yaani 1888 au 1889. Mtu mwenye shamba Bububu anausia juu ya theluthi ya mali yake, ndiyo kiasi ambacho sheria inamwachia mtu kukitoa apendavyo: kiasi fulani asomewe Qurani, kiasi fulani mtu amhijie, na watumwa saba waachwe huru atakapokufa, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mzee akayasoma majina polepole. La tano lilikuwa la babu yetu. Mbele yake pameandikwa kwamba ni mzalia, amezaliwa hapo hapo shambani, na mama yake ni Mnyasa. Jina la mama limeliwa na wadudu. Pamebaki tundu la ukubwa wa punje ya mtama, na kabla ya tundu herufi mbili.

"Na huyu Abdallah baba yake?" niliuliza.

"Abdallah ni mja wa Mungu. Asiyejulikana baba yake alipewa jina hilo." Akavua miwani. "Waliokuwa hawana baba kwenye karatasi walikuwa wengi, mwanangu. Usiinamishe kichwa."

Kisha akanifundisha hesabu ya rupia 60. Kwa madhehebu ya Shafi, mtumwa aliyeachwa huru akifa bila ndugu wa kiume wa upande wa baba, kinachobaki baada ya mafungu ya mke na binti kinarudi kwa aliyemwacha huru, na kama naye amekufa, kwa wanawe wa kiume. Mwenye jina refu alikuwa mtoto wa bwana. Mwaka 1919, miaka 22 baada ya amri ya 6 Aprili 1897 iliyoufuta utumwa kisheria, alikuja kwa kadhi kudai chake, na ili athibitishe kwamba babu yetu aliachwa huru na baba yake yeye mdai, akaleta nakala ya wasia. Asingedai zile rupia 60, karatasi hiyo isingeingia katika jalada, nami nisingejua kwamba kulikuwa na mwanamke Mnyasa. Mpaka leo sijui nimchukie kiasi gani.

Thumuni niliyokuwa nikiijua mimi ilikuwa sarafu ya senti hamsini.

Jioni nilipanda daladala namba 502 kwenda Bububu. Mpaka wa magharibi wa shamba la yule bwana, kwa mujibu wa jalada, ulikuwa reli, ile ya gari moshi lililokwenda Bububu kutoka mjini mwanzoni mwa karne iliyopita. Reli haipo. Pana barabara, maduka ya simu, chipsi, wanafunzi wa madrasa wanarudi makwao. Minazi ipo, lakini minazi iko kila mahali. Muuza kahawa aliniuliza, kama Unguja wanavyouliza, "Wewe wa kina nani?" Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na jibu lililo tayari. Nikamwambia natoka Tanga, akaniongeza kikombe.

Nikampigia mjomba.

"Shamba lipo?"

"Minazi 14, mjomba. Na iliuzwa."

Nikamweleza yote, pamoja na kitanda. Alikuwa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Hizo thumuni tatu," akasema mwishowe, "zilikuwa halali yake?"

"Kwa Shafi, ndiyo."

"Sisi ni Shafi."

"Ndiyo, mjomba."

Akakohoa. Nilisubiri aulize nauli yake imekwenda wapi.

"Na yule mama wa Kinyasa, jina lake?"

"Limeliwa na wadudu. Zimebaki herufi mbili za mwanzo."

"Zipi?"

Nilimtajia. Nikamsikia akimwita mkewe alete kalamu.